Miembe miwili, funza, na chupa ya juisi iliyopasuka

“Shikamoo bibi shamba. Ninaishi Kigamboni na nina miembe miwili nyuma ya nyumba. Mmoja ni dodo mkubwa sana, aliupanda marehemu baba mkwe. Wa pili ni Kent wa kubebeshwa, niliununua kitaluni, sasa una miaka minne na ndiyo kwanza unaanza kuzaa. Kila Juni naimwagilia yote miwili na kuitia samadi ya kuku ili ipate nguvu. Mwaka juzi ule wa dodo ulizaa mpaka tukagawa mtaa mzima. Mwaka jana ulichanua vizuri, kisha maua yakawa kama yamepakwa unga, mengine yakawa meusi, yakapukutika. Embe chache zilizobaki zilikuwa nzuri kwa nje, ndani funza. Jirani ananiambia niuchanje shina kwa panga ili ushtuke, na nipulize dawa ya wadudu maua yakifunguka. Kuhifadhi nako kumenishinda: vipande nilivyoanika juu ya bati viliota ukungu ndani ya kopo, na juisi niliyoiweka kabatini kwenye chupa za maji ilipasua chupa. Mume wangu anasema tuukate ule mkubwa tujenge vyumba vya kupangisha. Je, naweza kupata embe safi na kuzihifadhi hadi Ramadhani?”

Marahaba, mwanangu. Panga lirudi jikoni kwanza, na mumeo mwambie asubiri angalau msimu mmoja kabla ya kuita watu wa msumeno.

Shida zako zinaonekana nyingi, lakini ukiondoa funza na ule unga wa kwenye maua, zilizobaki karibu zote ni habari ya maji. Mti ulipewa maji wakati haukuyataka, na maji yakabaki ndani ya vipande na ndani ya chupa baada ya wewe kuamini kazi imekwisha. Nitaanza na mti, kwa sababu embe mbovu haihifadhiki hata ungekuwa na mtambo wa kiwandani.

Mwembe ukishiba maji na samadi hutoa majani. Ili utoe maua unahitaji kipindi cha ubaridi na ukavu, na huku pwani kipindi hicho huja masika yakishapita, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na usiku kupoa. Wakati huo ncha za matawi zilizokomaa, zenye majani ya kijani kilichokolea, ndizo zinazogeuka kuwa mashada ya maua. Wewe ukimwaga maji na samadi ya kuku mwezi huohuo, ile naitrojeni ya samadi inaziamsha ncha zichipue majani. Nenda kaangalie Kent wako mwezi Julai: ukikuta majani machanga mekundu yanayoning’inia kwenye ncha, ujue ncha hizo msimu huu hazina maua.

Samadi iliyooza vizuri itie baada ya kuvuna, Februari au Machi, masika yaikute ardhini. Izungushe chini ya ukingo wa kivuli cha mti, mbali na shina. Kent mchanga usimwagilie kuanzia Juni mpaka uone vitunda vimefikia ukubwa wa gololi, hapo uanze kumwagilia vya kutosha mara moja kwa wiki. Ule wa dodo mizizi yake imekwenda mbali. Ndoo zako mbili haziusaidii kitu.

Kuzaa sana mwaka juzi na kulegea mwaka jana si jicho la mtu. Miembe ya zamani ina tabia hiyo. Mwaka wa mavuno makubwa mti hutumia akiba yake ya chakula, na ncha zilizobeba matunda huchelewa kuchipua, kwa hiyo msimu unaofuata unazikuta bado changa. Huwezi kuifuta tabia hiyo kabisa, ila unaipunguza ukipogoa mara tu baada ya mavuno, ili machipukizi mapya yapate miezi ya kukomaa kabla ya baridi ya Juni.

Kuhusu panga, jirani yako hajatunga. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda kwenye mizizi kupitia ganda la shina. Ukilikata ganda, sukari inabaki juu kwenye matawi, na mti mvivu wakati mwingine huchanua kwa sababu hiyo. Ufilipino walikuwa wakiifukiza moshi miembe ili ichanue, mpaka miaka ya 1970 mtafiti wao Ramon Barba alipoonyesha kwamba kupuliza naitreti ya potasiamu kwenye ncha zilizokomaa kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini soma tena barua yako: mti wako ulichanua. Panga ni dawa ya ugonjwa usio nao, na kila jeraha la panga ni mlango wa kuvu na wa wadudu wanaotoboa mbao.

Kilichokuharibia maua ni kuvu, na yaelekea walikuwa wa aina mbili. Unga mweupe ni ubwiri unga. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanaujua sana kwenye mikorosho, na dawa yao, salfa, ndiyo inayotumika hata kwenye mwembe. Ubwiri unga hauhitaji mvua, unapenda usiku wa baridi na asubuhi yenye unyevu hewani, ndiyo maana hutokea Julai jua likiwa linawaka vizuri kabisa. Ule weusi uliofuata unafanana na chule. Chule inataka maji yenyewe, ya umande mzito au manyunyu, na huruka kutoka tawi hadi tawi kwa matone ya mvua. Ndiyo hiyohiyo inayotia madoa meusi kwenye embe zikianza kuiva ndani ya kapu.

Salfa ni kinga. Inapulizwa mashada yakiwa yanachomoza, kabla maua hayajafunguka, na kurudiwa baada ya wiki mbili hivi, asubuhi au jioni, kwa sababu kwenye jua kali inaunguza majani. Ya chule ni dawa ya kopa, yaani ya shaba, nayo kabla ya maua kufunguka. Kwa Kent, bomba la mgongoni linatosha, ila vaa barakoa na miwani. Kwa ule mkubwa nitasema wazi: usihangaike. Bomba la nyumbani halifiki juu, na salfa utakayoirusha itaishia machoni mwa jirani. Huo utibu kwa msumeno. Baada ya mavuno toa matawi makavu, yanayosuguana, na machache ya katikati, mpaka ukisimama chini uone mbingu. Jua na upepo vikiingia, umande unakauka mapema na chule inakosa nafasi.

Dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka ni kosa kubwa kuliko panga. Maua ya mwembe huchavushwa na nzi wa kawaida, nyuki na vidudu vingine vidogo. Ukiwaua, umeua mavuno. Usishtuke pia ukiona maua na vitunda vikipukutika. Shada moja lina maua mamia, pengine zaidi ya elfu, na mengi ni madume yasiyoweza kuzaa. Hata katika yale yanayoweza, si zaidi ya moja katika mia linalofika kuwa embe. Shada likikuletea embe mbili, limefanya kazi yake.

Tuje kwa funza. Wanatokana na nzi wa matunda, na anayetusumbua zaidi, Bactrocera dorsalis, ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Nzi wa kienyeji walikuwapo, lakini wazee wanaposema zamani embe hazikuwa na funza kiasi hiki, hawakosei. Jike hutoboa ngozi ya tunda linalokaribia kukomaa na kutaga chini yake. Tundu lina ukubwa wa ncha ya sindano, ndiyo maana uliona embe nzuri kwa nje. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, funza hula nyama, kisha hutoka na kujichimbia udongoni, sentimita chache tu, wakageuka pupa, na baada ya wiki moja mbili wanaruka nzi wapya.

Ukishaujua mzunguko huo, utaona kwa nini kupuliza dawa juu ya tunda lenye funza ni kuoga na koti: dawa haimfikii. Mahali pa kumkamata ni chini ya mti. Okota embe zilizodondoka kila siku msimu ukikolea, hata zile mbovu kabisa, hasa hizo. Tia kwenye mfuko mweusi wa takataka, funga vizuri, uache juani wiki nzima, joto liwamalize. Ukipenda kufukia, chimba nusu mita kwenda chini, maana shimo fupi ni kuwaotesha. Kuku wakiachiwa wachakure chini ya miti wanakula pupa wengi. Mitego yenye chambo cha methaili yujinoli inauzwa, lakini inavuta madume peke yake, na mtego mmoja kwenye mtaa wenye miembe arobaini hauwezi kitu. Zungumza na majirani muokote pamoja. Huyo mwenye panga umpe kazi hiyo.

Ukiona majimoto wamejenga viota vyao vya majani kwenye mwembe, usiwachome. Nzi wa matunda hawapendi kutaga wanapopita sisimizi hao, hata harufu yao tu inawasumbua. Mumeo atalalamika siku ya kupanda mti, na atakuwa na haki.

Kinga iliyo ya uhakika kuliko zote kwa bustani ya nyumbani ni mfuko. Embe ya Kent ikishafikia ukubwa wa yai, ivishe bahasha ya gazeti au ya khaki, funga kwenye kikonyo kwa uzi. Nzi hafikii ngozi, na hata madoa ya chule hupungua. Kwa mti wa miaka minne ni kazi ya jioni moja. Kwa dodo haiwezekani, na hapa ndipo ninapokuja kwenye ushauri wangu mkubwa: igawie miti yako kazi. Kent ukupe embe mbivu. Dodo ukupe embe mbichi, za achari, za kachumbari, za watoto kula na chumvi na pilipili. Embe inayoangushwa ikiwa bado changa na ngumu inakuwa imewahi kabla nzi hajaitamani. Ukiutumia hivyo, ule mti mnaotaka kuukata unakuwa ndio wenye faida zaidi.

Kent usimpime kwa rangi, kwa sababu anaweza kuiva akiwa bado na ukijani. Angalia mabega: yakijaa na kupanda juu ya kikonyo, tunda limekomaa. Kata ukimwachia kikonyo cha sentimita chache, kisha lilaze kichwa chini utomvu umalizike. Utomvu huo unaunguza ngozi ya embe na ya mtu pia. Zivundike kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itaziamsha. Kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda, usiiguse, inabeba mabaki ya sumu kama aseniki. Na embe ambayo haijaiva usiitie kwenye friji, baridi inaiharibu, inabaki na madoa ya kijivu na haiivi vizuri tena.

Sasa kuhifadhi. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia karibu na mwisho wa msimu wa embe, kwa hiyo hutafuti kitu cha kukaa miaka mitatu, unatafuta cha kuvuka wiki kadhaa, au miezi michache. Kwa hilo, kama una friza, shida yako imekwisha nusu. Menya embe mbivu zisizo na alama, katakata, panga vipande kwenye sinia vigande kwanza, kisha viingize kwenye mifuko na ukamue hewa yote. Au saga, ujaze mifuko ya nusu kilo na uilaze bapa, inaganda haraka na kuyeyuka haraka. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinakaa hadi mwaka. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hushikilia baridi siku mbili hivi, iliyojaa nusu siku moja. Kama haijajaa, jazia chupa za maji. Umeme ukirudi, mifuko ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena. Iliyoyeyuka lakini bado ya baridi, ifanye juisi siku hiyohiyo, na iliyokwisha kupata joto umwage bila huruma.

Bila friza, achari ndiyo rafiki yako, na watu wa Tanga, Unguja na Mombasa hawakuipenda bure. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye embe, siki inaleta ukali ambao vijidudu vya hatari haviuwezi. Kwa kilo 1 ya vipande vya embe mbichi tia gramu 100 za chumvi, funika kwa kitambaa hadi kesho yake. Utakuta vipande vinaogelea, maji yote hayo yalikuwa ndani yake. Chuja, anika siku moja mpaka uso wa vipande ukauke na ukingo uanze kujikunja. Chemsha nusu lita ya siki iliyoandikwa asilimia 5 pamoja na pilipili, thomu, tangawizi, manjano na mbegu za haradali, tia embe, zichemke kidogo, pakia zingali moto kwenye chupa za glasi ulizochemsha dakika 10. Usitumie sufuria ya alumini, ukali unaila. Mafuta ukipenda yatie mwisho, juu ya achari ambayo tayari ina siki. Thomu mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta matupu na kuachwa kabatini ni hatari ya kweli.

Kukausha nakuweka nafasi ya tatu, na najua utashangaa, kwa sababu michembe na matobolwa tumevikausha tangu enzi. Lakini kiazi si embe iliyojaa sukari, na Kigamboni Desemba ni joto lenye unyevu, tena vuli haijaisha vizuri. Mchana vipande vinapoteza maji, usiku vinayanywa tena kutoka hewani. Bati lenyewe ni kosa la pili: linachoma upande wa chini haraka, ngozi inajifunga, katikati kunabaki na maji. Ukishika unaona kimekauka. Ukikitia kwenye kopo yale maji ya katikati yanatoka taratibu, na ukungu haujali kwamba nje palikuwa pakavu.

Ukitaka kujaribu tena, tumia embe zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, kata vipande vya milimita 6 hadi 8 vilivyo sawa, vichovye kwenye maji ya ndimu, vitandaze kwenye wavu wa nailoni ulioinuliwa ili hewa ipite chini na juu, ndani ya kaushio lenye plastiki angavu na matundu ya kutolea hewa. Jua likizama ingiza ndani, ufunike. Kipande kilichokauka hujipinda bila kuvunjika, na ukikichana katikati na kukikamua hakitoi unyevu. Halafu fanya kile ambacho nadhani hukukifanya: jaza chupa ya glasi theluthi mbili, funga, iache wiki nzima ukiitikisa kila siku. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye glasi, rudisha vyote kwenye wavu. Vikipita wiki bila mvuke, vimekubali.

Juisi ilipasua chupa kwa sababu haikuwa imekufa. Hamira za asili ziko kwenye ngozi ya kila embe, zinakula sukari na kutoa gesi, na chupa ya maji ni nyembamba, tena haivumilii kujazwa juisi ya moto ya kuziua. Embe mbivu nayo wakati mwingine ukali wake ni mdogo mno kuweza kuilinda nje ya friji. Kama huna chupa za glasi zenye vifuniko vinavyobana, juisi ya kabatini achana nayo. Tengeneza jemu: kilo 1 ya nyama ya embe, nyingine ziwe hazijaiva sana ili igande, sukari gramu 800, maji ya ndimu vijiko vitatu vikubwa, chemsha ukikoroga mpaka tone ulilolidondosha kwenye kisahani baridi likunjamane ukilisukuma kwa kidole. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji. Na kama mna nafasi ya mti wa tatu, msipande mwembe, pandeni mndimu. Umeona mwenyewe ni mara ngapi nimeuhitaji.

Kuna mambo sitaki uyafanye kwa kusoma tu. Kopo au chupa iliyovimba usionje. Mtu aliyekula chakula cha kuhifadhi akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea au kumeza kukawa kugumu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Dawa yoyote ya kupuliza, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na muulize afisa ugani wa kata yako kipimo kabla ya kuchanganya. Achari ikianza kupendwa mtaani ukafikiria kuuza, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe usindikaji, na TBS, shirika la viwango, kwa usajili. Na ukiona matawi ya dodo yanakauka kuanzia ncha kurudi nyuma, au shina linatoa gundi, hilo ni jambo la kuangaliwa kwa macho. Mwite afisa ugani, na ukishindwa kumpata kata tawi lenye sehemu iliyokufa na sehemu iliyo hai, lifunge kwenye gazeti, umpelekee siku hiyohiyo. Tawi lililokufa lote halimwambii kitu.